Mdogo Wangu Uliyetoka Buger, Kazini Usinyamaze

Leo nataka kuzungumza na wewe unayeanza kazi, hasa wewe uliyepanda gari la alfajiri kule Buger, ukungu wa msitu wa Marang ukiwa bado haujainuka, begi mgongoni na godoro limefungwa kamba juu ya gari, kwa sababu umepigiwa simu kwamba nafasi imepatikana kwenye hoteli moja ya Karatu. Najua mama alivyokuaga. Alikwambia ukawaheshimu wakubwa na usiwe mbishi. Mimi niliagwa hivyo hivyo, na bado nasikia sauti ya mama yangu.

Nilianzia chumba cha kufulia nguo. Baadaye nikapelekwa mapokezi, na sasa ni miaka kadhaa mimi ndiye ninayewapokea vijana wapya na kuwapangia zamu. Wengi wanatoka kwetu: Buger, Endabash, Kansay, Mbulumbulu, Rhotia. Ninachokiona kila mwaka ni kilekile. Hawa watoto wanafanya kazi! Mtoto aliyekua akipalilia mahindi na ngwara kabla ya kwenda shule, akalala macho wazi kulinda shamba lisivamiwe na tembo, huyo humtishi kwa mashuka arobaini. Mpe kazi, ataimaliza. Shida yake ni moja. Hasemi. Hajaelewa, ananyamaza. Kaumwa, ananyamaza. Kazidishiwa saa, ananyamaza. Mshahara umepungua, anaukunja anautia mfukoni, ananyamaza. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwamba ni heshima.

Mdogo wangu, heshima ni kitu chema na sitaki uiache nyumbani. Lakini kuna mahali tulikosea kuielewa. Mzee wa kwetu akikupangia kazi shambani, anakujua. Anamjua baba yako, anajua umeamka saa ngapi, anajua kwamba leo mmelima kwake na kesho zamu itakuwa kwenu. Hesabu ya jasho lako iko kichwani mwa kijiji kizima. Kazini hakuna kijiji. Bosi ana watu themanini, nusu yao hajui majina yao, na hesabu ya jasho lako haiko kichwani mwa mtu yeyote isipokuwa wewe mwenyewe. Usipoisema, haipo.

Nilijifunza hili kwa machungu. Hoteli yangu ya kwanza sitaitaja jina. Niliingia mwezi wa tatu, nikapangwa dobi, kufua na kupiga pasi. Meneja akaniambia mkataba unaandaliwa. Nikasema ahsante. Mwezi wa sita nikaambiwa bado unaandaliwa. Nikasema ahsante. Zamu ilianza saa 12 asubuhi, na wageni wakiwa wengi tulitoka saa 3 usiku. Sikuhesabu saa, kwa sababu kwetu kuhesabu saa ni dalili ya uvivu. Unafanya kazi mpaka iishe. Nikakaa hivyo miezi 13. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza na wageni wakakatika, tukaitwa uani watu kumi na mmoja, tukaambiwa turudi nyumbani, tutapigiwa simu. Nilikaa Buger nikiwa nimeshika simu mkononi mpaka mahindi yakakomaa. Haikuita.

Kati yetu kumi na mmoja, mmoja tu alikuwa na kitu cha kuonyesha. Dada wa jikoni, mtu wa Mbulu, alikuwa na daftari la shule ambalo kila usiku aliandika tarehe, saa aliyoingia, saa aliyotoka na jina la aliyempanga. Hakuwa na mkataba kama sisi. Alichukua daftari lake akapanda basi kwenda Arusha, kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanayoiita CMA, kabla siku 30 hazijapita. Alilipwa notisi, alilipwa likizo yake, na sehemu kubwa ya saa za ziada. Sisi kumi tulibaki nyumbani tukisema Mungu anaona. Mungu anaona, hilo naliamini mpaka leo. Lakini mpatanishi pale Tume anakuuliza, una nini mkononi?

Miaka ikapita ndipo nikajua jambo lililoniuma kuliko kufukuzwa kwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi masharti ya kazi yako: kazi yenyewe ni ipi, inaanza lini, ni ya muda gani, inafanyikia wapi, saa ni ngapi, malipo ni kiasi gani. Na kesi ikifika mbele, mwajiri akashindwa kuleta maandishi hayo, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha anachokisema, si wewe. Kwa hiyo hata bila karatasi ningeweza kwenda. Wote kumi tungeweza kwenda. Hatukunyimwa haki kwa kukosa mkataba. Tuliikosa kwa sababu hakuna aliyefungua mdomo kuuliza, mimi nikiwa wa kwanza.

Kwa hiyo vijana wakiniuliza, dada, nimepata kazi, niende na nini, nawajibu: nenda na daftari. Si simu. Simu inapotea, inaibiwa, inaingia maji, inauzwa mwezi ukiwa mgumu. Nunua daftari la kawaida na kalamu, uliweke chumbani kwako, si kwenye kabati la kazini. Kila usiku kabla hujalala andika mistari mitatu: umeingia na kutoka saa ngapi, nani alikupanga, na jambo gani jipya umejifunza. Huo mstari wa tatu usiuache. Mwaka ukiisha utakuwa na mistari karibu mia tatu ya vitu ulivyokuwa huvijui, na siku ya usaili mwingine ukiulizwa unajua nini hutaanza kukuna kichwa.

Ukishakuwa na daftari, jua na vipimo vyenyewe, maana kuandika saa bila kujua mpaka wake hakutoshi. Saa za kawaida kwa wiki ni 45, na kwa siku ni 9. Zikizidi hapo ni saa za ziada, nazo hulipwa kwa kiwango cha mara moja na nusu ya saa ya kawaida, tena hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne. Anayefanya kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, anaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Likizo ya mwaka ni siku 28, na unalipwa ukiwa umelala kwenu. Uzazi ni siku 84, na mapacha siku 100. Sikwambii haya ili uende kesho ukamwangukie meneja na vifungu vya sheria. Ukifanya hivyo atakuona mgomvi kabla hajakuona mfanyakazi. Nakwambia ili ujue unasimama wapi.

Kudai nako kuna adabu yake. Usidai mbele ya watu, na usidai wakati wageni wanaingia. Subiri meneja awe ametulia, ingia, salimia vizuri, halafu useme jambo moja tu. Kwa mfano: "Samahani meneja, nimetimiza mwezi sasa. Naomba kufahamu mkataba wangu utakuwa tayari lini, nauhitaji pia kwa ajili ya NSSF." Basi. Usijieleze sana, usiombe radhi mara tatu, usicheke cheke. Akikwambia wiki ijayo, mshukuru, na jioni mtumie ujumbe mfupi: "Ahsante kwa mazungumzo ya leo, nitafuatilia mkataba wiki ijayo kama ulivyonielekeza." Ujumbe huo una heshima yote ambayo mama angeitaka, na una tarehe. Wiki ijayo ikifika, rudi. Vijana wengi wanaomba mara moja, wakiahidiwa wanaona aibu kurudi. Rudi.

Nimetaja NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ngoja niiseme vizuri. Kwa aliyeajiriwa sekta binafsi, mchango ni asilimia 20 ya mshahara wa mwezi, na wewe hukatwi zaidi ya nusu yake. Inayobaki ni ya mwajiri. Sasa kukatwa si kufika. Nimekutana na watu waliokatwa kwa miaka, na walipokwenda kuangalia wakakuta miezi mizima haina kitu. Pensheni ya uzeeni inahitaji michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15, kwa hiyo kila mwezi uliopotea ni mwezi unaoutafuta tena ukiwa na nywele nyeupe. Usisubiri hadi uache kazi. Chukua namba yako ya uanachama, na kila baada ya miezi michache uangalie taarifa ya michango yako. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakwenda huko, na hiyo nayo uiangalie inavyopungua. Soma hati yako ya mshahara mstari kwa mstari. Ni karatasi inayokuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote pale kazini.

Sasa niache haki, nije kwenye kazi yenyewe, maana ukimya unaharibu hata pale ambapo hakuna anayekudhulumu.

Kijana mmoja niliyempokea, mtoto wa Buger kabisa, alikaa mapokezi wiki ya pili. Mgeni akamwambia kwa Kiingereza aamshwe saa tano, anakwenda Ngorongoro mapema awahi lango linapofunguliwa. Kijana akaandika kwenye kitabu cha zamu: "Chumba 7, saa 5." Aliyepokea zamu ya usiku ni mtu mzima wa Karatu, akasoma saa 5 kama sisi sote tunavyoisoma, akaona ni karibu na mchana, bado sana, akalala. Nyinyi mnajua kilichotokea. Mgeni aliamka jua limetoka, dereva amesubiri tangu alfajiri, na asubuhi nzima ya bonde, ile saa ambayo wanyama wanatembea na ukungu unapanda kingo, ikawa imepotea. Watu wanaweka akiba miaka mingi kwa ajili ya siku moja ile.

Kosa lenyewe sikulikasirikia. Saa zetu na saa zao zinapishana sita, na kila mtu aliyefanya kazi mapokezi amewahi kuteleza hapo. Kilichonikasirisha ni kwamba kijana aligundua saa 1 asubuhi, akajificha stoo mpaka saa 4. Katika saa hizo tatu ningeweza kumpigia dereva, ningeweza kupanga upya ratiba ya mgeni, ningeweza hata kuwaomba watu wa jikoni wamfungashie chakula aondoke haraka. Aliponyamaza, alininyima nafasi ya kumsaidia. Nilimwita, nikamwambia: ukivunja, njoo wewe kabla mgeni hajaja. Njoo na maneno manne: nimekosea hivi, imetokea saa fulani, nimeshafanya hili, naomba msaada kwa lile. Bosi anayesikia kosa kutoka kwako anakasirika dakika kumi. Anayelisikia kutoka kwa mgeni halisahau. Tangu siku ile kitabu chetu cha zamu kinaandikwa namna mbili, 5:00 na saa 11 alfajiri kwenye mstari mmoja, na aliyependekeza hivyo ni yule yule kijana. Leo ndiye anayewafundisha wapya.

Na maswali, jamani, ulizeni maswali. Mwezi wa kwanza kila mtu anategemea uulize. Mwezi wa nane ukiuliza mashine inawashwaje, watu wanashangaa. Kwa hiyo utumie ule mwezi wa kwanza kwa ulafi. Uliza kwa nini shuka linakunjwa hivi, kwa nini bei ya Aprili si ya Agosti, nani anaagiza mboga na anazitoa wapi, mgeni akiugua usiku anapigiwa nani. Usiishie kwenye kazi uliyopewa. Mimi nilitoka dobi kwenda mapokezi kwa sababu nilikuwa nabeba taulo kupita pale, nikawa namwuliza dada wa mapokezi jambo moja kila siku. Moja tu, ili asinichoke. Siku alipokwenda likizo ya uzazi, meneja aliuliza nani anaweza kushika nafasi yake kwa muda, na dada huyo mwenyewe ndiye aliyelitaja jina langu.

Kuna kitu kingine kinachowanyamazisha watoto wetu, nacho ni lafudhi. Mtu akiongea Kiswahili chenye sauti ya Kiiraqw, wenzake wa mjini wanamcheka, naye anaamua kwamba kwenye kikao hatasema tena. Nisikilize vizuri. Wilaya yetu na jirani zake ni moja ya sehemu chache Afrika ambako familia nne za lugha zinakutana: Kiiraqw chetu ambacho ni cha Kikushi, Kiswahili na ndugu zake wa Kibantu, Kimaasai na Kidatoga vya Kinilo, na Kihadzabe cha kule ziwa Eyasi chenye sauti za kidoko. Mtoto aliyekulia hapa akaenda mnadani, akanunua mbuzi kwa Mbarabaig na kuuza mahindi kwa Mmaasai, ana sikio ambalo mtu wa mjini hana. Sikio hilo hilo linajifunza Kifaransa, linajifunza Kihispania, linajifunza Kijerumani. Mwongoza watalii anayejua Kihispania vizuri hakosi kazi Arusha. Wakikucheka, malizia sentensi yako. Usikate katikati.

Sasa nije kwenye ukimya wa hatari zaidi. Naomba mnisome polepole hapa, na wavulana pia wasome, kwa sababu nao yanawapata.

Kuna bosi, au msimamizi, au mtu mwenye uwezo wa kukupa mkataba, atakayekwambia muonane pembeni. Ataanza na zawadi ndogo, au kukupangia zamu nzuri, au kukuita ofisini jioni watu wameondoka. Halafu atakuonyesha bei. Hiyo inaitwa rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai kwa sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007. Mwenye kosa ni yeye anayeitaka kwa kutumia cheo chake. Sheria ya ajira nayo inauhesabu unyanyasaji wa namna hii kuwa ubaguzi kazini. Mwambie hapana kwa sentensi fupi isiyo na tabasamu. Usifute ujumbe wake hata kama unakutia kichefuchefu. Andika kwenye daftari siku, saa, mahali na maneno yenyewe. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo, ili awepo wa kukumbuka. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113, na kupiga ni bure. Wapo mabinti waliorudi Buger wakasema kazi ilikuwa ngumu, na mama zao wakawaona wavivu. Kazi haikuwa ngumu. Mama zangu mnaonisoma, binti akirudi ghafla msimwulize amekosea nini. Mwulizeni amefanyiwa nini.

Twende kwenye pesa, na hapa napo ukimya umejaa. Nyumbani wanajua umepata kazi hotelini. Hawajui mshahara wako. Wanaona picha zako WhatsApp umesimama mbele ya bwawa la kuogelea, wanadhani na wewe unaogelea. Ada ya mdogo wako inakuja kwako, bati la nyumba linakuja kwako, mbegu na mbolea vinakuja kwako, na wewe kwa kuona aibu unakopa ili utume. Waambie. Keti na baba na mama siku ya mapumziko, uwatajie mshahara kwa namba, utoe kodi ya chumba, chakula na nauli mbele yao, uwaonyeshe kinachobaki. Kisha ahidi kiasi ambacho unaweza kukitimiza kila mwezi, hata kikiwa kidogo. Wazazi wetu wamelima maisha yao yote, wanajua msimu mbaya ukoje. Wanachoshindwa kukielewa ni mtoto anayeahidi kisha anazima simu.

Msimu, kwa kweli, ndiyo habari yenyewe katika kazi hizi za kwetu. Kuanzia Julai hadi Oktoba hoteli zimejaa, na tena mwisho wa mwaka. Aprili na Mei mvua inanyesha, barabara zinateleza, wageni wanapungua, na hapo watu wa hoteli wanasema tumeingia lo sizoni. Kila mwaka inakuja, haijawahi kukosa, na kila mwaka inawakuta watu mikono mitupu. Bahashishi za Agosti usizile Agosti. Zitenge, ziingize kwenye kikundi cha VICOBA au ziweke benki, ziwe mshahara wako wa Aprili.

Na mwaka 2020 tuliona kitu kikubwa kuliko msimu. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga anga za dunia, idadi ikashuka hadi kama laki 6 na elfu 20. Karatu ilinyamaza. Vitanda vilifunikwa mashuka meupe, magari ya watalii yakaegeshwa nyuani yakaota majani. Watu wa miaka kumi na tano kazini walirudi shambani. Waliosimama mapema ni wale waliokuwa na kitu cha pili mkononi: mpishi aliyejua kuoka mikate akawa anauza mjini, fundi wa hoteli aliyejua umeme akawa anafunga nyaya kwenye nyumba za watu, msichana wa mapokezi aliyejua hesabu akaajiriwa kwa wafanyabiashara wa vitunguu Mang'ola. Jifunze kitu cha pili wakati kazi ya kwanza bado ni nzuri. Ikishaharibika utakuwa na njaa, na mwenye njaa hajifunzi vizuri.

Nikifika hapa huwa namkumbuka mkimbiaji Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, aliyezaliwa mwaka 1953. Wengi wenu mnajua tarehe 2 Februari 1974, pale Christchurch, New Zealand, alipokimbia mita 1500 kwa dakika 3, sekunde 32 na nukta 16, rekodi ya dunia, akiongoza tangu mlio wa bastola wakati wenzake walizoea kusubiri mzunguko wa mwisho. Mimi napenda zaidi kilichofuata. Mwaka 1976 alikuwa tayari kwa Olimpiki ya Montreal, na dunia nzima ilimsubiri. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zikasusia michezo ile, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Uamuzi ulikuwa wa haki, na bado ulimkuta kijana katika mwaka wake bora kabisa. Medali ya mita 1500 ya Olimpiki hakuwahi kuipata. Mwaka 1980, pale Moscow, alirudi kwenye mbio nyingine kabisa, mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akachukua fedha. Baada ya mbio alikuwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi, na yeye na mkewe wakaanzisha shule zinazobeba jina lake. Mlango uliofungwa haukuwa kosa lake. Alibadilisha mbio.

Kuhusu kuondoka, nitasema kidogo kwa sababu linaniudhi. Kuna tabia ya mtu kupokea mshahara tarehe 30, na tarehe 1 simu haipatikani, kumbe yuko hoteli ya pili. Karatu ni ndogo mno kwa mchezo huo. Mameneja wananunua nyama bucha moja. Ukiwa unalipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28. Iandike, ikabidhi, fanya kazi siku zako zote, mfundishe atakayeshika nafasi yako, kisha omba cheti cha utumishi. Kukupa cheti hicho ni wajibu wa mwajiri kisheria, si hisani, na ndicho utakachokitoa mezani kwenye usaili wa Arusha au Zanzibar au Doha. Ukiwa umekaa zaidi ya mwaka na kampuni ndiyo inayokupunguza, uliza pia kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, hadi miaka 10.

Na wale mnaotafuta bado, msitoe pesa kwa mtu anayesema ana koneksheni. Kuomba kazi serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira hakuna malipo. Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, nao wana mpango wa kuwapeleka wahitimu kwenye mafunzo ya kazi. Tengenezeni kitambulisho cha taifa cha NIDA na namba ya mlipakodi mapema, kwa sababu nafasi nyingi zinapotea wiki ile mtu anapokimbizana na karatasi.

Nimeandika barua hii mwanzoni mwa mvua makusudi. Ninajua wiki hizi kuna watu wanaitwa uani na kuambiwa watapigiwa simu. Kama wewe ni mmoja wao, na sasa uko Buger unasubiri iite, chukua kalenda uhesabu siku tangu ulipoambiwa. Shauri la kuachishwa kazi linapokelewa na Tume ndani ya siku 30, ofisi ya mkoa iko Arusha mjini, na kama ulifanya kazi miezi 6 au zaidi una haki ya kuuliza kwa nini uliachishwa. Panda gari kabla siku hizo hazijaisha. Ukikosa nauli, kopa.